Harufu Ambayo Sikuiandika

Ukutani kwenye maabara yetu, juu ya sinki, kuna karatasi yenye makatazo tisa. La nne linasema ni marufuku kunusa sampuli. Niliibandika mimi mwenyewe, nimepanda stuli, mkuu wangu wa kazi akinielekeza niipandishe kidogo, niishushe kidogo. Wanafunzi wakija kwa mafunzo nawasimamisha pale waisome kwa sauti. Ni katazo la maana, kwa sababu wapo waliobeba magonjwa kutoka maabara hadi nyumbani kwa tabia ya kusogeza pua kila mahali. Lakini usaha hauombi ruhusa. Ukifungua kizibo tu, harufu imeshafika.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Sumbawanga, mwaka wa kumi na tisa huu. Naishi Majengo, nyuma ya maduka ya nguo, na kazini naenda kwa miguu. Watu wananiita mkali na sibishi. Ukiniletea mkojo kwenye chupa ya soda nakurudisha nao. Ukiniletea choo kwenye kiberiti, kama walivyofanya wazee wetu, nakurudisha pia, tena mbele za watu. Nasema haya ili ifahamike kwamba mdomo ninao. Siku ulipotakiwa ufanye kazi, ulikaa kimya.

Mgonjwa alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Kwetu ni kijiji cha huku juu uwandani, mahali pa mahindi na ulezi, penye upepo unaovuma kuanzia Mei mpaka mtu unauchukia. Alikuwa na kifafa tangu hajaanza shule. Aliangukia moto mara mbili, na mguu wake wa kushoto ulibaki na kovu kuanzia kifundo hadi gotini. Alipoanguka darasani alijikojolea, wakati mwingine zaidi ya hapo, na watoto wenzake walikimbilia nje wameziba pua. Aliacha shule darasa la tatu. Hakuna aliyemfukuza, yeye mwenyewe alikataa kurudi.

Ndipo mama akaweka sheria yake. Nyumbani kwetu neno kunuka halikutamkwa. Si kwa mtu, si kwa mnyama, hata samaki akiharibika alisema "huyu amechoka," na sisi tulijua maana yake. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilijisahau. Tulikuwa tunakula, mdogo wangu akaja kukaa karibu yangu, nikajivuta pembeni nikashika pua. Mama hakunipiga. Aliondoa sahani yangu, akaimwaga yote kwa kuku, akaniambia nikae pale pale hadi wenzangu washibe. Tangu siku hiyo nilijifunza kuvuta pumzi kwa mdomo mbele ya mdogo wangu bila uso wangu kubadilika. Nilikuja kuwa hodari sana. Chuoni wenzangu walitapika siku ya kwanza ya kupima vinyesi, mimi nilikaa kama niko kanisani.

Mdogo wangu alikua, akawa mtu mzima mwenye mabega mapana, mkulima mzuri, mpole kuliko sisi sote. Hakuoa. Dawa za kifafa zilimvimbisha fizi hadi zikafunika nusu ya meno, na meno yenyewe yalikuwa yamevunjika na kuoza kwa sababu ya kule kuanguka. Alikuwa na rafiki mmoja wa rika lake, mchoma matofali, mtu mwenye kikohozi kisichokwisha kwa ajili ya moshi wa tanuri. Jumapili baada ya misa walikaa uani kwa huyo rafiki wakinywa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, chungu kimoja na mirija miwili. Mama hakupenda, lakini hakukataza. Ni nani mwingine angekaa naye?

Mwaka huo, ulezi ulipokwisha kuvunwa, mdogo wangu alianguka kifafa akiwa pale uani, mrija ukiwa bado mdomoni. Rafiki yake alimlaza ubavu, akamfuta uso, akakaa naye mpaka akazinduka. Alifanya kila kilichopaswa kufanywa. Lakini kinywaji na mate ya kile kinywa chenye fizi mbovu vilikuwa vimekwisha kuteremka njia ya pumzi. Baada ya wiki mbili akaanza homa na kikohozi. Zahanati wakampa vidonge vya rangi mbili, akavimaliza, homa ikapungua kidogo kisha ikarudi. Upande wa kulia wa kifua ukawa unamuuma hata akigeuka kitandani. Mwezi wa saba mama akamleta mjini.

Sasa niseme mama alifanya nini, maana bila hilo mtu atadhani wodi nzima ilikuwa ya vipofu. Pumzi ya mdogo wangu ilikuwa imeharibika vibaya sana. Kila asubuhi, kabla daktari hajapita, mama alimsukutua kwa maji ya ndimu, akambadilisha shuka, akampaka kifuani na shingoni dawa ya kuchua, ile inayochoma macho. Akafungua dirisha hata kama baridi inakata masikio. Akaweka maganda ya machungwa chini ya mto. Daktari alipofika amevaa barakoa, alikutana na dawa ya kuchua na machungwa. Muuguzi yeye alijua, nina hakika alijua, kwa sababu alikuwa akisema, "Mama, dirisha libaki wazi, hewa ni nzito humu." Hewa ni nzito. Heshima haikumruhusu kuvuka hapo, na simlaumu, kwa kuwa mimi niliyesomea mambo hayo nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda kila saa saba mchana nikivuta pumzi kwa mdomo.

Daktari alikuwa kijana mgeni katika mkoa, mwenye adabu, anayemwamkia mama shikamoo kabla hajagusa faili. Picha ya kifua ilionyesha usaha umejaa upande wa kulia. Akamchoma sindano ubavuni, akavuta kiasi, akalituma bomba la sindano maabara. Lilikaa dirishani wodini tangu asubuhi, likanifikia mchana. Mwenzangu wa meza ya bakteria alikuwa likizo. Nilikuwa peke yangu.

Nikafungua. Ilikuwa harufu ya panya aliyefia ndani ya kihenge cha mahindi, ile unayoitafuta siku tatu ukihamisha magunia. Usaha wa kijivu, mwepesi. Sikuhitaji kuinamisha kichwa wala kuvunja katazo la nne. Nilijua pale pale nilichoshika, na nilijua ni cha nani.

Kuna bakteria wasiotaka hewa. Wapo vinywani mwetu sote, wamejificha kwenye fizi na katikati ya meno, na kwa mtu mzima wa afya hawana shida na mtu. Hewa hii tunayoililia ndiyo sumu yao. Wakiteremka mapafuni na kupata mahali palipofungwa, wanaozesha taratibu, na kazi yao ina harufu ambayo ukiishaijua huikosei tena. Kuwaotesha ni kazi. Sampuli inatakiwa ifungwe isiguswe na hewa, ifike haraka, iwekwe kwenye mtungi maalumu pamoja na kifuko kinachofyonza hewa yote. Mtungi tulikuwa nao. Vifuko vilikuwa vimekwisha tangu mwaka uliotangulia, na kila tulipoagiza tuliletewa glovu.

Badala yake tulikuwa na mtungi wa mshumaa. Unapanga sahani ndani, unawasha mshumaa, unafunika, mshumaa unazimika wenyewe. Mkuu wangu wa kazi, mtu mzuri aliyenifundisha mengi, aliapa kwamba mshumaa ukizimika hewa imekwisha. Si kweli, na mimi nilijua si kweli. Mshumaa unazimika mapema sana; hewa inayobaki inatosha kuwaua hao bakteria hadi wa mwisho. Nilimwambia hivyo mara moja, miaka mingi nyuma, akanitolea macho, nikanyamaza. Kwa hiyo maabara yetu ilikuwa na safu nzima kwenye daftari, iliyoandikwa kwamba usaha umeoteshwa "bila hewa," na majibu yake siku zote yalikuwa hakuna.

Nilipaka usaha kwenye kioo, nikautia rangi, nikautazama kwenye hadubini. Walikuwepo. Wengi, wa kila aina: vijiti vyembamba vilivyochongoka pande zote mbili, vijiti vifupi, shanga za zambarau zilizoshikana. Nikapanda sahani zangu, nyingine kwenye kabati la joto, nyingine kwenye mtungi wa mshumaa. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Agari nyekundu, chakula tunachowawekea bakteria, safi, imetulia, utafikiri hakuna kilichowahi kuigusa. Bakteria unaowaona kwenye kioo lakini hawaoti kwenye sahani, pamoja na ile harufu: mwanafunzi wa mwaka wa pili angekupa jibu.

Fomu ya majibu ina mistari miwili ya maoni chini. Nilishika kalamu. Niliyajua maneno ya kuandika, yamekaa kichwani mwangu mpaka leo kama sala: usaha una harufu kali ya uozo, yamkini ni bakteria wasiohitaji hewa, mgonjwa atibiwe hivyo. Lakini karatasi ile isingeruka moja kwa moja hadi kwa daktari. Ingepita kwa karani wa mapokezi, ambaye ni binamu wa mume wangu. Ingepita kwa mhudumu anayebeba majibu na kuyasoma njiani. Juu yake kulikuwa na majina matatu ya mdogo wangu, na jina la mwisho ni langu pia. Nilimwona mtu anasoma neno "harufu" na kucheka. Niliona wale watoto wa darasa la tatu wanatoka mbio. Nikajiambia daktari ana pua yake. Nikajiambia sheria zetu zinakataza kunusa, sasa nitaandikaje kitu ambacho sikutakiwa kukijua? Kuhusu vile vijiti vya kwenye kioo nikaandika "vichache, huenda ni uchafu wa ngozi," kama mkuu wangu alivyokuwa akipenda pale kioo na sahani visipokubaliana. Halafu nikaandika: hakuna bakteria walioota baada ya saa arobaini na nane. Nikaweka sahihi.

Wala sikuchelewa kulala siku hiyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Siku iliyofuata daktari alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwetu, anatabasamu. "Dada, nina habari nzuri kidogo," akasema. "Usaha hauna bakteria. Kwa hiyo hii ni TB tu, na TB inatibika. Miezi sita."

Nikamwuliza, "Mashine ya TB ilisema nini?"

"Imesema hakuna. Lakini kwenye usaha wa kifua huwa inakosa mara nyingi. Mgonjwa kakonda, anakohoa, homa ya wiki nyingi, usaha hauoti kitu. Huku kwetu hiyo ni TB mpaka ithibitike vingine."

Alikuwa anasema kweli. Ningekuwa yeye, na karatasi ile mkononi, ningesema hivyo hivyo. Alisubiri kidogo, nadhani aliona kitu usoni kwangu. Nikasema, "Sawa, daktari." Mdogo wangu akaandikwa kwenye daftari la kifua kikuu, akapewa boksi lake la dawa, na baada ya wiki moja akaruhusiwa. Mama alifurahi. Miezi sita ni kitu unachoweza kukihesabu.

Mwezi wa nane nilikwenda kijijini. Nilimkuta amekaa nje juani, amejifunika blanketi, ana kikombe chake peke yake na sahani yake peke yake kama alivyoagizwa. Mabega yale yote yalikuwa yamekwisha. Nilikaa karibu naye kwenye kigoda.

"Dada, hizi dawa zinageuza mkojo kuwa mwekundu," akasema. "Lakini kifua kiko vile vile."

"Zinachukua muda."

Halafu akaangalia kama mama yuko mbali, akasema taratibu, "Dada, mimi nanuka. Nasikia mwenyewe. Inatoka huku ndani nikikohoa. Wewe unafanya kazi ya haya mambo. Ni kitu gani?"

Katika maisha yake yote hakuwahi kulitamka neno lile. Alilitoa kwangu kama mtu anayetoa nguo yake ya mwisho, naye alikuwa ananiuliza hasa kile ambacho mtu mmoja tu kijijini pale alikijua. Na dawa yake ilikuwepo. Penisilini, pamoja na vile vidonge vichungu tunavyomeza tukiharisha damu, vinauzwa kila duka la dawa Majengo, mtu ananunua bila hata kuonyesha cheti. Na mrija wa kutoa usaha.

Nikamwambia, "Hunuki, mdogo wangu."

Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa, akavuta blanketi lake hadi mdomoni. Hakuniuliza tena.

Sina cha kujitetea hapo. Nimejaribu kwa miaka hii kusema kwamba nilimsitiri. Nilimsitiri nani? Nilirudi mjini siku hiyo hiyo na basi la mchana, na njia nzima nilikuwa najipangia kwamba Jumatatu nitamwona daktari, nitamnong'oneza. Jumatatu kukawa na majeruhi wa ajali walioletwa kutoka Mtowisa, damu zinatakiwa zipimwe makundi haraka. Jumanne daktari alikuwa semina. Jumatano ndiyo nimeisahau kabisa ilivyokwenda.

Mwezi wa tisa wakamrudisha, safari hii amebebwa. Kulikuwa na daktari bingwa amekuja kwa muda, mzee wa umri wa kustaafu, barakoa yake inaning'inia kidevuni. Mama alikuwa hajapata nafasi ya kutoa ndimu zake. Yule mzee alisimama mlangoni mwa wodi, hajafika hata kitandani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani ananuka hivi?"

Nilikuwepo. Mama alishtuka kama amepigwa kofi. Mzee akamsogelea mdogo wangu, akainama usoni kwake, akavuta pumzi ndefu kwa pua, mbele yetu sote. Akamshika bega akamwambia, "Pole sana, baba. Sikukutukana. Pua yangu imekwisha kuutambua ugonjwa wako."

Walimwekea mrija mchana ule. Chupa ya chini ya kitanda ilijaa, ikamwagwa, ikajaa tena. Wakamwanzishia penisilini na dawa ile ile ya vidonge vichungu, zote kwa njia ya mshipa. Baada ya siku mbili homa ilishuka, akaomba uji, na mama akaanza kuimba kidogo akifua. Halafu asubuhi ya siku ya tano alikohoa, ikaja damu, kwanza ya kijiko, kisha ya kikombe, kisha mama akawa ameshika beseni na beseni halikutosha. Uozo ulikuwa umekula mshipa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Macho yake yalikuwa kwa mama, si kwangu, na namshukuru kwa hilo.

Yule mzee alikuja maabara kesho yake. Hakuja kwa hasira. Aliomba aone daftari, akaona safu yetu ya "bila hewa," akaona mtungi, akaona kile kipande cha mshumaa ndani yake. Akauliza, "Sahani zilikuwa tupu?"

"Tupu."

"Na harufu? Hukuisikia?"

Nikamwonyesha karatasi ya ukutani. "Kunusa ni marufuku, daktari."

Akaisoma yote, kuanzia la kwanza hadi la tisa. Akasema, "Ni kweli," akatoka. Wiki hiyo hiyo nilivunja ule mtungi wa mshumaa kwenye ngazi za nyuma, mkuu wangu akaniandikia barua ya onyo, ninayo hadi leo.

Tulimzika kijijini. Sasa, jina la mdogo wangu lilikuwa bado kwenye daftari la kifua kikuu, na daftari likishakuandika lina taratibu zake. Kabla arobaini haijafika walikuja watu wa afya kupima wote waliokaa naye. Walimpima mama, wakampima dada yangu na watoto wake, wakampima mchoma matofali. Wote hawakuwa nacho. Lakini walichosikia kijijini ni kwamba marehemu amekufa kwa TB, na TB inatoka kwa mtu, na mtu aliyekuwa akinywa naye chungu kimoja ni yule anayekohoa tangu zamani.

Mama ndiye aliyelisema kwanza. Sikuwahi kumwona mama yangu akimchukia mtu, na nilipomwona sikumtambua. Alikataa pole ya mchoma matofali. Alimrudishia debe la ulezi alilotuletea msibani, akaliweka njiani, nje ya uzio. Jumuiya iliposali nyumbani kwetu, yule mtu alisimama nje ya boma na rozari yake mkononi akiitikia kutoka huko. Wateja wa matofali wakaenda kwa mwingine. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, nasikia yote, napepeta unga. Nilijua kwamba neno langu moja lingemwingiza yule mtu ndani akae kwenye mkeka. Nilijua pia mama angeniuliza swali la pili, nilijua tangu lini. Nikaendelea kupepeta.

Yule mchoma matofali alikuja mjini mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, suruali imelowa hadi magotini. Alisimama kwenye dirisha la mapokezi mpaka nikatoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Nimekuja unipime TB."

Nikamwambia walishampima kijijini. Akatikisa kichwa. "Mama hakubali. Anasema wale wa zahanati hawajui kitu. Anasema angeamini kama ungepima wewe. Nataka karatasi yenye sahihi yako, dada."

Nikampa kikombe, akaenda nyuma ya jengo kukohoa. Makohozi yenyewe yalikuwa machache, yana weusi wa moshi. Mashine yetu inachukua karibu saa mbili. Alikaa kwenye benchi muda wote huo, kofia gotini, hataki hata chai. Kila mlango wangu ulipofunguka alisimama.

Hakuwa nacho. Nikaandika, nikasaini, nikapiga muhuri, nikatoka nayo. Aliomba nimsomee. Nikasoma: hakuna vimelea vya kifua kikuu vilivyoonekana.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

Alifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Watu waliokuwa foleni wakatazama pembeni. Alipoishusha kofia macho yalikuwa mekundu, akaniuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa kama si mimi, dada, ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Nikamwambia yote, pale pale kwenye korido. Kwamba haikuwa TB. Kwamba nilifungua bomba nikajua. Kwamba palikuwa na mistari miwili ya kuandika harufu ile na sikuiandika, na kwamba mdogo wangu aliponiuliza kwa mdomo wake nilimwambia hanuki. Yule mtu alinisikiliza ameinamisha kichwa upande, na nikaona uso wake unavyolainika, na nikaelewa kwamba haniamini.

"Dada, usijiseme hivyo," akasema. "Uchungu ndio unakusemesha. Hata mimi nilijisema sana, kwamba ningemkataza asinywe siku ile. Tukifiwa wote tunajisema."

"Si uchungu. Nakwambia ukweli. Mwambie na mama, mwambie nimekutuma."

"Siwezi kumpelekea mama maneno kama hayo," akasema. "Atasema nimeyatunga nijisafishe. Ndiyo kwanza nimepata karatasi."

Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuubonyeza kwa kiganja. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Pole sana, dada, kwa kumpoteza mdogo wako," na mimi nikaipokea.